Fungu la kumi la msusi

Kanisa nililookokea lilikataza kusuka nywele, na mimi riziki yangu ilikuwa kusuka nywele. Jumatatu mpaka Jumamosi vidole vyangu vinatenda dhambi pale Mwanjelwa, Mbeya. Jumapili fungu la kumi la fedha ya vidole vilevile linapokelewa, linaombewa, linaandikwa kwenye daftari. Hakuna aliyewahi kunirudishia bahasha. Siku moja nilimuuliza mzee wa kanisa, kwa adabu kabisa, kama fedha ya rasta inakubalika madhabahuni. Akacheka. "Dada, si unawasuka watu wa mataifa?" akasema, maana yake wale wasiookoka.

Nadhani alijua kwamba si kweli. Wapendwa, yaani waliookoka wenzetu, walikuwa wananijia jioni, taa zikishawaka, mtandio kichwani. Walichotaka ni twende kilioni, mistari myembamba iliyolala, ili kilemba kikae vizuri bila kuonyesha matuta. Nywele zetu ukiziacha hivihivi chini ya kitambaa wiki nzima zinajisokota, zinakatika, na siku ya kuzichana utatoa machozi. Kusuka ndiyo njia ya kuzitunza. Njia nyingine ni kunyoa, au kuweka dawa. Na hapo ndipo kanisa letu liliponishangaza mimi kama mtu wa fani, kwa sababu dawa iliruhusiwa. Nywele iliyonyooshwa ikabanwa nyuma ilihesabiwa kuwa nywele ya kawaida, ya mama wa heshima. Ile kemikali inayobabua ngozi ukichelewa kuiosha, ambayo nimeona ikiacha vidonda nyuma ya masikio ya watu, haikuwa na neno. Ila kushika mafungu matatu ya nywele na kuyapitisha moja juu ya jingine, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya hata kabla wamisionari wa Kimoravian hawajafika Rungwe mwaka 1891, huo ulihesabiwa kuwa ulimwengu, mambo ya kidunia.

Sheria zenyewe sikuwahi kuziona kwenye karatasi. Ulizijua kwa kuishi nazo. Hereni hapana. Pete ya ndoa ndiyo, mkufu hapana. Suruali kwa mwanamke hapana, hata kama unapanda bodaboda kwenda shamba. Wigi, rasta, rangi ya kucha, rangi ya mdomo, vyote hapana. Mgeni akija na suruali, mama wa mlangoni anamfunga khanga kiunoni huku anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli, nisimsingizie mtu. Aliyeokoka zamani akionekana na hereni anaitwa ofisini. Akikaidi anasimamishwa huduma. Akiendelea, hashiriki Meza ya Bwana. Wanaume walitakiwa kunyoa nywele na kuvaa suruali isiyobana. Basi, wamemaliza.

Andiko lilikuwa 1 Timotheo 2:9, na nililisikia mara nyingi kiasi kwamba nililishika bila kujaribu: wanawake wajipambe "kwa mavazi ya kujisitiri, pamoja na adabu nzuri, na moyo wa kiasi, si kwa kusuka nywele, wala kwa dhahabu na lulu, wala kwa nguo za thamani." Vitu vinne vinatajwa pale. Lulu, Mwanjelwa nzima sijui nani alikuwa nazo. Dhahabu waliokuwa nayo ni wachache. Lakini nguo za thamani zilikuwepo, vitenge vya waksi ambavyo bei yake ingenilipia kodi ya fremu, na sijaona mtu hata mmoja akiitwa ofisini kwa sababu ya bei ya kitenge. Halafu ukirudi nyuma mstari mmoja tu, wa 8, unawakuta wanaume: wasali wakiinua mikono iliyotakata, "pasipo hasira wala majadiliano." Ni sentensi mbili zinazofuatana, mtume ni yuleyule, na ya pili inaanza kwa "vivyo hivyo". Baraza la wazee wa kanisa letu lilikuwa na hasira na majadiliano ya kugawia makanisa mengine matatu. Hakuna aliyesimamishwa.

Suruali nayo ilikuwa na Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi yampasayo mwanamume. Sawa. Mistari sita chini yake imekatazwa nguo iliyochanganywa sufu na kitani, na kati yao kuna amri ya kuweka ukingo kwenye dari ya nyumba mpya asije mtu akaanguka. Nilipoanza kuisoma sura yote badala ya kusomewa mstari, nikaona kwamba kuna mtu alikaa akachagua. Simlaumu kwa kuchagua, wote tunachagua. Ila alikuwa haonekani, na mstari aliouchagua ulisomwa kana kwamba umeshuka peke yake.

Simsemi Paulo vibaya. Timotheo alikuwa Efeso, mji wa bandari wenye fedha, wenye hekalu la Artemi na wale mafundi wa vijumba vya fedha wanaofanya ghasia katika Matendo 19. Wanawake matajiri wa dola ya Kirumi walikuwa wanajengewa nywele juu ya kichwa, zimepitishwa dhahabu, na kazi hiyo ilifanywa na watumwa wao wa kike. Kila nikisoma pale namfikiria yule mtumwa. Amesimama tangu asubuhi nyuma ya kiti, miguu inauma, anamsuka bibi yake aende kwenye ibada, na pengine jioni naye anaingia ibada hiyohiyo akakaa nyuma. Kama Paulo alikuwa anamtetea huyo, mimi niko upande wa Paulo. Lakini twende kilioni ya elfu chache chini ya kilemba haina uhusiano wowote na jambo hilo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba si kila kitu kwenye sheria zetu kilitoka Efeso. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kinatawala, ulianza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam: sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba ni ukoloni unaorudi kwa mlango wa nguo. Uganda, Idi Amin naye akapiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Wazee wetu wa kanisa walikuwa vijana enzi hizo. Nikisikiliza mahubiri yao nikiwa najua hilo, nilikuwa naweza kutenganisha sauti mbili: moja inasema mpende Bwana, nyingine inasema usiige Wazungu. Zote mbili ziliitwa utakatifu. Ajabu ni kwamba suti na tai zilipita katikati ya sauti hizo bila kuguswa.

Kuna bibi mmoja wa maombi aliyenizuia nisiwe na dharau. Alikuwa amenyoa kipara, kitambaa cheupe, hana hata shanga, na nilipokuwa namlalamikia kuhusu sheria za kanisa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza alivyookoka, akiwa msichana aliyeolewa. Alisema kabla ya hapo kila shughuli ya wanawake ilikuwa na daraja: mwenye viatu anakaa mbele, mwenye khanga mpya anafuata, asiye na kitu yuko jikoni. Chini ya nguo zake mwenyewe alikuwa amefungwa hirizi kiunoni, ya mganga, iliyolipiwa mbuzi. "Tulipookoka tukavua vyote, mwanangu. Mke wa bwana shamba akavua, na mimi mke wa kibarua nikavua. Tukafunga kitambaa kimoja. Mgeni akiingia hajui nani ni nani." Akanitazama nywele zangu, akasema bila ukali, "Wewe unauona mzigo. Mimi ndipo nilipotua wangu."

Sikuwa na la kujibu, na hata sasa sina. Uamsho wote wa Afrika Mashariki ulianza na watu wa aina yake. Simeoni Nsibambi wa Kampala, aliyekutana na daktari mmisionari Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, aliacha kuvaa viatu. Hakumwambia mtu kwamba asiyetembea pekupeku haokoki. Alikuwa ameonja kitu, na viatu vikawa havina maana tena. Moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukafika kwetu kupitia Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ulihubiri msalaba na neema tu. Kosa, kwa maoni yangu, huingia kwenye kizazi cha pili. Mama anavua bangili kwa sababu ameshiba. Binti anavuliwa bangili akiwa bado ana njaa, kisha anaambiwa hiyo ndiyo shibe.

Lililonitoa katika kanisa lile lakini halikuwa hoja. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya, sauti ya pili, mtu mkimya. Akaugua saratani ya titi, akapelekwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Matibabu yakamaliza nywele zote, mpaka nyusi. Aliporudi alinijia mapema kabla sijafungua vizuri, akavua mtandio, tukakaa kimya kidogo. Alitaka wigi fupi, jeusi, linalofanana na nywele zake za zamani kabisa. Kilemba hakukitaka kwa sababu kilikuwa kinateleza kwenye kichwa kisicho na nywele, na zaidi ya hapo kilikuwa kinaonyesha kwamba nyusi hazipo. "Nitengeneze ili nisiulizwe," ndivyo alivyosema. Nililipunguza wigi lile kwa mkasi karibu nusu siku, nikamchora nyusi kidogo sana kwa wanja, akatoka amefanana na yeye mwenyewe.

Jumapili ya kwanza shemasi akaliona. Mama yule akaitwa ofisini. Akaeleza, akalia, na wazee, nasema tena wazee wale walikuwa watu wema, wakaguswa, wakampa ruhusa kwa ajili ya ugonjwa. Ila ruhusa ikaleta tatizo: washirika wengine wataona wigi kwaya, watakwazika, au wataanza kusema mbona fulani na sisi tunakatazwa. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya harusi na ya mchango wa mabati, mchungaji akatangaza. Dada yetu ana saratani, nywele zimetoka kwa matibabu, lile analovaa amepewa kibali na baraza, mtu asikwazike, tusimame tumwombee. Tukasimama. Watu walilia kweli. Ulipitishwa mchango palepale, ukawa mkubwa.

Kesho yake alikuja saluni, hakuwa na la kufanyiwa, alikaa tu kwenye benchi. Akaniambia, "Bora wangefikiri nimerudi nyuma."

Nimeligeuza neno hilo kichwani mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyosikia. Tukio lile halikuwa na mtu mbaya. Ni sheria tu ilikuwa inafanya kazi yake, kwa sababu sheria ya kanisa ikishakuwepo lazima ilindwe, na anayesamehewa lazima ajieleze, na maelezo yake lazima yawafikie wote. Yule mama alikuwa na siri moja, mwili wake, akainyang'anywa kwa maombi na machozi ili kanuni ya nywele ibaki salama. Alipona, Mungu ashukuriwe, na nywele zikaota. Anaimba kwaya mpaka leo. Mimi niliondoka.

Tulihamia Dar es Salaam kwa kazi ya mume wangu, na huko nikapata kanisa la neema. Ndivyo lenyewe lilivyojitambulisha. Warumi 6:14 ilikuwa ukutani, kwamba hatuko chini ya sheria bali chini ya neema, na Jumapili ya kwanza niliketi nyuma ya safu ya wasichana wenye rasta mpaka kiunoni wamenyanyua mikono wanalia kwa kuabudu. Nilivuta pumzi ambayo sikujua nilikuwa nimeizuia. Na kibiashara sikuficha furaha yangu: nilipata wateja ndani ya kanisa hadharani, mchana, mchungaji akinitambulisha kwa kazi yangu.

Ilinichukua muda kuona. Wahudumu wa mapokezi walichaguliwa kwa muonekano. Viti vya mbele vilikuwa na wenyewe. Mtoto wa Mfalme hawezi kuonekana kama ombaomba, hiyo ilikuwa lugha ya madhabahu, na kila kongamano lilikuwa na rangi yake, na kila rangi ilihitaji gauni, na gauni lilihitaji nywele. Wanawake walikuwa wananichukulia wigi za nywele halisi kwa mali kauli, wanalipa kidogo kidogo. Wengine, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wanakopa zile fedha za kausha damu, mikopo ya riba kali, ili wanilipe mimi. Mmoja wao, mama lishe, mtu anayeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi, alikosa ibada Jumapili kadhaa mfululizo. Nikampitia. Akasema, "Sijasuka, dada. Naendaje kanisani hivi?"

Mbeya niliwahi kumpitia mtu aliyekosa ibada akanijibu, "Nimesuka. Naendaje kanisani hivi?"

Sasa mtu aniambie lipi kati ya makanisa yale lilikuwa la neema. Yakobo aliliona zamani, sura ya 2: anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaingia na maskini mwenye mavazi mabovu, na mmoja anaambiwa keti hapa, mwingine simama kule. Kule Mbeya tulimgeuza maskini kuwa sare. Huku Dar tuligeuza pete kuwa sare. Yule mama lishe na yule mama wa kwaya wangeelewana bila kutambulishana.

Niliporudi kwenye maandiko safari hii sikutafuta nywele, nilimtafuta Timotheo mwenyewe. Na nikakuta jambo ambalo sikuwahi kulisikia likihubiriwa pamoja. Katika Matendo 16:3 Paulo anamtahiri Timotheo, kijana wa mama Myahudi na baba Myunani, kwa ajili ya Wayahudi wa pande zile, ili wasafiri pamoja bila kikwazo. Katika Wagalatia 2:3 Paulo huyohuyo anasimulia habari za Tito, Myunani, aliyetakiwa atahiriwe, na Paulo akakataa, hakuwapa nafasi hata saa moja waliotaka hivyo. Kitendo ni kimoja, kisu ni kimoja. Kwa Timotheo akakiruhusu, kwa Tito akakizuia, na ninavyoelewa mimi tofauti ni hii: Timotheo alikuwa tayari ndani na alijitoa kwa ajili ya walio nje. Tito alikuwa anaambiwa kwamba bila hilo hayuko ndani. Ndiyo maana Paulo anawapigia kelele Wagalatia kwamba wameanguka na kutoka katika neema, wakati hao watu hawajafanya uzinzi wala kuiba. Wameongeza sharti moja tu la mwilini, tena sharti la Biblia.

Kwa kipimo hicho yule bibi wa kitambaa cheupe ni Timotheo, na hereni zangu hazina haki ya kumcheka. Na mama wa kwaya alikuwa Tito. Wanaonipinga, na wapo hata katika ibada ndogo ya nyumbani ninakosali sasa, wananiletea Tito 2:11-12, kwamba neema yenyewe "yatufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia". Nakubali kwa moyo wote. Mimi mwenyewe kuna kazi nazikataa. Mtoto mdogo simuwekei dawa hata mama yake aongeze bei. Anayetaka wigi la mkopo namwambia kabisa asuke mistari ya bei rahisi, na nimepoteza fedha kwa hilo. Lakini neema inafundisha wanafunzi walioandikishwa tayari. Haisimami mlangoni na mkasi.

Kuna wanaokuja kufumua rasta kwa sababu wameokoka juzi. Nafumua. Sibishani nao, wala siwapongezi. Nachaji bei ya kufumua, nawaosha, nawapaka mafuta, wanaondoka na kitambaa chao. Huwa nasema tu kwamba wakirudi kwa lolote nipo.

Mwaka huu mambo yameingia nyumbani. Binti yangu yuko kidato cha nne shule ya serikali, kwa hiyo kichwa chake kimenyolewa muda wote wa masomo kama wenzake. Kila Novemba mitihani ikiisha wasichana wa kidato cha nne wanajaa saluni kwa rasta zao za kwanza za ukubwani. Ndio msimu wangu mzuri kuliko Krismasi, na nilishamwekea binti yangu mafungu ya nywele, rangi aliyoichagua mwenyewe akiwa kidato cha pili. Likizo hii amerudi ameokoka katika ushirika wa wanafunzi. Amesema hatasuka. Atabaki na kipara, hereni amezigawa. Bibi yake, mama yangu, amefurahi mpaka amepiga simu kwa ndugu wote.

Sikumpinga. Ana macho ya mtu aliyetua mzigo, na macho hayo nayajua. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza swali moja: "Mama, na siku ukiamua kusuka, hao wenzako watakuacha?"

Akafikiri kwa muda. "Sijui," akasema. "Hakuna aliyejaribu."